Msumari Kwenye Shada

"Sifumi, na usinitolee macho," alisema Saveta, mama mkwe wangu. "Nimefuma mashada matatu. Langu, lako, na la mwanangu Pamfil la msalaba. Basi. Maua yaliyobaki wape ng'ombe."

"Mama, humu ndani tuko wanne."

"Kuhesabu najua. Mwenye diploma ni wewe, lakini mimi nilihesabu kondoo kabla hujazaliwa."

"Basi hesabu tena. La mwanangu Ilinca liko wapi?"

Aliinua kidole chake chenye fundo, cha kijani kwa utomvu wa mashina, akakielekeza kwenye paa la nyumba.

"Lake liko kule. Liko kule tangu mwaka jana. Mtu mmoja hana mashada mawili, Domnica. La kwanza lishuke ndipo la pili lipande."

Ilikuwa jioni ya tarehe ishirini na tatu Juni, jua bado liko juu ya msitu, na katika kila ua la bonde letu wanawake walikuwa wameketi hivyo hivyo, kapu la maua madogo ya njano ya Sânziene, sikukuu ya kesho yake, miguuni, wakifuma. Shada la mviringo kwa mwanamke, la msalaba kwa mwanamume. Kabla jua halijazama mnayarusha juu ya paa, moja kwa kila mtu wa nyumba. Shada likibaki juu, mwenyewe atauona mwaka mwingine. Likianguka, husemi kitu. Unaliokota, unalitia jikoni kwenye moto, na watu wanaanza kumtendea mwenye shada kwa upole unaotisha.

Mimi nina diploma ya mifugo. Nazalisha ng'ombe, nachanja nguruwe, nimeingiza mkono wangu mahali ambapo mama mkwe wangu hapendi pasemwe mezani. Siamini maua. Nilitaka tu mwanangu awe na shada kama watoto wengine, jioni ipite, tule, tulale.

"Nitafuma mwenyewe," nikasema, nikavuta kapu.

Saveta akalikanyaga kwa mguu. Ana miaka sabini na minne na mguu wake ni mzito kama wa fahali.

"Nijibu kwanza swali moja. La mwaka jana nililirusha mimi. Lilikwama ukingoni, nusu yake hewani. Kuku angepiga bawa, lingeanguka. Mwezi wa kumi ikaja tufani ikang'oa bati la kanisa. Shada halikutikisika. Kwa nini?"

"Bahati."

"Bahati!" Alicheka kwa pua. "Na theluji je? Theluji ilifunika bonde zima mpaka madirishani, kasoro pale. Pale palikuwa na duara la njano limekaa kama yai kwenye sahani. Hiyo nayo bahati?"

"Mama, niachie kapu."

"Mwaka jana tulipokaa kula, wewe hukuwepo. Ulisema unakwenda kumtazama ndama. Mtoto alikuwa mbele yangu, anakula ugali na maziwa. Akaangusha kijiko. Akakiokota, akakiangusha tena. Akakiokota, akakiangusha. Na kila kikianguka alishika hapa." Akajigusa kifuani, upande wa kushoto. "Nimenyamaza mwaka mzima kwa sababu niliogopa jibu lako. Sasa niambie. Uligonga nini kule juu, na mara ngapi?"

Niliachia kapu.

"Msumari," nikasema. "Mara tatu."

*

Ilinca alizaliwa na tundu kwenye moyo. Si siri, kijiji kizima kinajua, hata padri humwombea kwa kulitaja tundu lenyewe, jambo linaloniudhi. Ukiweka sikio kifuani pake unasikia mapigo mawili, kisha kimya kinachokaa zaidi ya inavyotakiwa, kisha pigo moja. Mbili, kimya, moja. Nimelala na sauti hiyo miaka yote. Ningeitambua katikati ya kwato za kundi zima.

Mwaka jana, mwezi wa tano, daktari wa mjini alituambia tundu linapanuka. Atapasuliwa, lakini kwanza afikishe kilo ishirini, kwa kuwa mtoto mwepesi mno hastahimili mashine. Alikuwa na kilo kumi na nane na nusu. "Mpe chakula," akasema daktari. Nikampa siagi, mayai, mafuta ya nguruwe, kila kitu isipokuwa majani ya ng'ombe.

Kisha ikaja jioni ya mashada, na Saveta, ambaye hajawahi kujua lini afunge mdomo, akamsimulia mjukuu wake habari za Anica. Anica alikuwa binti yake, wifi yangu ambaye sikumwona. Shada lake lilianguka akiwa na miaka sita. Likarushwa tena, likaanguka. Mara ya tatu likabingirika polepole, likashuka vigae vyote vya mbao kama mtu anayeshuka ngazi, likasimama miguuni pake. Majani yalipoanza kudondoka, Anica alikuwa makaburini.

Baada ya hadithi hiyo Ilinca alikaa kwenye kizingiti akitazama paa, hapepesi macho. Shada lake lilikuwa limening'inia ukingoni. Nami nikafanya jambo ambalo mama yeyote mwenye akili angefanya. Walipoingia kula nilichukua ngazi, nyundo, na msumari mmoja wa inchi tatu. Nikalipigilia. Nilifikiri, haya, upuuzi umekwisha, mtoto atalala.

Na kweli alilala.

Sikugundua upesi. Una kazi, una ng'ombe wanne, una mume aliye mlimani na kondoo tangu Mei hadi Septemba, huketi ukimkagua mtoto. Mwezi wa nane ndipo nilichukua mkasi nimkate kucha, nikaona hazikuwa na cha kukata. Nikajaribu kukumbuka lini nilizikata mara ya mwisho. Jumamosi ya kabla ya mashada.

Nywele zilikuwa pale pale begani. Gaga la kidonda gotini, alilolipata akikimbilia maua mchana wa siku ile, lilikuwa bado bichi pembezoni na jeusi katikati, halijapona wala halijaoza. Jino la mbele lilikuwa linacheza siku ile, alikuwa akilisukuma kwa ulimi na kuniambia, "Mama, kesho litatoka, nitamrushia kunguru juu ya paa aniletee la chuma." Likaendelea kucheza. Lilicheza Septemba, lilicheza Krismasi, linacheza mpaka leo.

Ninapima. Ndiyo kazi yangu. Kila tarehe moja nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, nikachora mstari kwa penseli. Mistari yote ilipandana mpaka ikawa mstari mmoja mnene. Nilimpandisha kwenye mizani ya ndama: kumi na nane na nusu. Mwezi uliofuata, kumi na nane na nusu. Alikula sahani mbili za ugali na jibini mbele ya macho yangu, nikampandisha tena mizani ileile. Kumi na nane na nusu.

Daktari alifurahi. "Tundu halijapanuka hata kidogo," akasema. "Ajabu. Lakini kilo, mama, kilo. Mlete akifika ishirini."

Shuleni wakamrudisha darasa la kwanza kwa sababu, alisema mwalimu, herufi alizojifunza Ijumaa, Jumatatu hazipo.

*

"Kwa hiyo ulijua," nilimwambia Saveta.

"Nilijua kuna kitu. Sikujua kama ni chuma." Alitema mate mara tatu pembeni. "Wewe mwanamke, wenye maua, pepo wa kike wa usiku huu, wanapita kuchagua watu, na wewe unawagongea msumari mezani!"

"Hakuna aliyepita. Ni mimi na nyundo."

"Ehee. Na mtoto asiyekua ni wewe na nyundo?"

Nikainuka, nikaenda bandani nikachukua koleo, lile kubwa la kung'olea misumari ya kwato. Nilipotoka, Saveta alikuwa amesimama mbele ya ngazi, ameishika kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kuling'oa. Umesema mwenyewe, la kwanza lishuke."

"Nilisema hivyo kabla sijasikia neno msumari!" Uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira ilikuwa imetoka, na kilichobaki sikupenda kukiona. "Domnica, binti yangu, nisikilize. Liache. Liko juu, yuko hai. Anakula, anacheza, anakuita mama. Mimi wangu nilimfuata kwa miguu mpaka makaburini, nimeshika viatu vyake, kwa kuwa walisema azikwe peku nami sikujua niviweke wapi. Bado ninavyo. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Alikuwa hajawahi kuniita binti yake. Miaka kumi na moja.

"Na mimi nikifa?" nikauliza. "Nani atamlea mtoto wa miaka saba kwa miaka sitini?"

"Ana baba."

"Na baba akifa?"

"Kutapatikana mtu."

"Mama, hatapasuliwa kamwe. Hatafika kilo ishirini akiwa kule juu. Tundu liko palepale, linamngojea."

"Na ukiling'oa, je? Lilikuwa linaanguka, Domnica! Nililiona! Nusu yake ilikuwa hewani!" Alinong'ona sasa, kama vile paa lina masikio. "Ukitoa msumari, mwaka wote uliozuiliwa utashuka kwa mara moja."

Hilo nilikuwa nimelifikiria. Nililifikiria kila tarehe moja, nikiwa na penseli mkononi. Ndiyo sababu msumari ulikuwa bado pale. Na Saveta alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba shada la zamani halishushwi siku nyingine yoyote. Ni jioni hii, kabla jua halijazama. Likizama, kilichoko juu ya paa kimekaa mpaka mwakani.

Jua lilikuwa limegusa ncha za misonobari.

Kilimani wasichana walikuwa wanateremka na maua, wanaimba. Ninawajua wote, ni saba, nimewachanja ng'ombe wa baba zao. Nilisikiliza kwa sababu sikutaka kumtazama Saveta. Nikahesabu sauti. Nikahesabu tena. Ya nane ilikuwa juu ya nyingine zote, nyembamba, haikuvuta pumzi. Shamba letu la ngano, chini ya njia, lilianza kulala na kuinuka mstari kwa mstari, kana kwamba watu wanapita ndani yake kwa safu. Majani ya mti wa plamu uani hayakutikisika hata moja.

"Usitazame," alisema Saveta.

"Sitazami."

"Mama."

Ilinca alikuwa kwenye ngazi za mlangoni. Sijui alikaa pale tangu lini. Alikuwa amevaa gauni jeupe la mwaka jana, lililomkaa sawasawa.

"Ingia ndani, mwanangu."

"Wakiimba, shada langu linanivuta," akasema. "Hapa." Akagusa mahali palepale alipogusa bibi yake. "Haliumi. Linavuta tu, kama uzi wa kitufe."

Saveta akajishika mdomo.

"Smaranda amenipita kimo," Ilinca akaendelea, kwa sauti ya mtoto anayeshtaki. "Tulikuwa tunalingana. Sasa ananibeba mgongoni, ananiita mdoli. Amepoteza meno manne. Mimi hata hili moja halitoki." Akalisukuma kwa ulimi, nikaliona likilala mbele, likarudi. "Mama, nimechoka kuwa na miaka saba."

"Ukitolewa huo msumari unaweza kuugua," nikamwambia. Sidanganyi wanyama, sikuona sababu ya kumdanganya mtu. "Unaweza kuugua sana. Tutakwenda kwa daktari, atakupasua. Inaweza isifae."

"Kama Anica?"

"Kama Anica."

Alifikiri. Alikwaruza gaga la gotini kwa kidole, kama alivyofanya kila siku kwa mwaka mzima, na halikubanduka.

"Na usipotolewa?"

"Usipotolewa, hivi hivi."

"Mpaka lini?"

Nilimtazama bibi yake. Alikuwa amepinda kichwa, anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Hivi hivi tu," nikasema.

"Basi toa."

"Mtoto wa miaka saba hajui anachosema!" akalia Saveta.

"Ana miaka minane," nikasema. "Alitimiza mwezi wa tatu. Ondoka kwenye ngazi, mama."

"Ukipanda nitaiangusha. Naapa, Domnica, nitaiangusha na wewe juu yake."

"Iangushe."

Nikaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Ngazi ikatikisika. Nikapanda cha pili, cha tatu. Ikatikisika tena, kisha ikatulia, na nilipochungulia chini niliona Saveta ameikumbatia kwa mikono na kifua, ameegemeza paji la uso kwenye mti wake, ameishikilia kwa nguvu zake zote isiyumbe. Midomo yake ilikuwa inakwenda.

Sikuwa nimelitazama shada kwa karibu tangu jioni ile. Nilikuwa nikipita chini yake na ndoo za maziwa, nimeinamisha kichwa. Sasa lilikuwa usawa wa uso wangu. Maua yalikuwa mabichi, ya njano mpaka yanaumiza jicho, na harufu ya asali ilikuwa nzito kiasi cha kutia kichefuchefu. Hapakuwa na nyuki hata mmoja. Pale msumari ulipopenya, mashina yalikuwa yametoa mizizi myeupe, myembamba kama nywele, imeingia ndani ya kigae cha mbao na kutambaa chini ya vigae vingine kuelekea ndani ya nyumba. Kuelekea, nikapima kwa jicho, juu ya kitanda cha Ilinca.

Niliweka kiganja juu yake ili nipate pa kubana koleo.

Lilikuwa na joto. Joto la kifua cha mtoto aliyelala. Na chini ya kiganja changu lilipiga. Mbili, kimya, moja. Mbili, kimya, moja.

Nimewahi kumtoa ndama akiwa vipandevipande ili mama yake apone. Siku hiyo sikukosea hata mara moja. Jioni hii koleo liliteleza, likagonga kichwa cha msumari, na huko chini Ilinca akasema "Ah!"

Kilimani nyimbo zilikatika. Zote kwa pamoja, katikati ya neno. Sauti moja tu ikaendelea, ile nyembamba, na haikuwa tena kilimani. Ilikuwa upande wa pili wa paa, nyuma ya kilele, pale ambapo hakuna ngazi.

"Mama, usipige," nilimsikia Ilinca. "Vuta."

Utepe wa mwisho wa jua ulikuwa umebaki kwenye msalaba wa kanisa. Nikabana. Nikavuta. Msumari haukusogea. Ulikuwa umeshikwa na kitu kutoka ndani, nao ulivuta upande wake kama fahali anavyovuta kamba.

"Domnica!" alipiga kelele Saveta kutoka chini. "Vuta, mwanamke! Umeanza, maliza! Vuta!"

Nikaegemeza goti ukingoni, nikavuta kwa mgongo, kama tunavyovuta miguu ya ndama aliyekwama. Kitu kikakatika, uzi mmoja baada ya mwingine, sauti ndogo kama ya mshono unaofumuka. Msumari ukaja nusu. Chini mtoto alikohoa, akakohoa tena, akatema.

"Limetoka," akasema, kwa mshangao, kinywa kimejaa. "Bibi, jino limetoka. Damu hii."

"Lishike," alisema Saveta. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Lishike mkononi, usilitupe bado. Na gotini unatoka damu. Mungu wangu, unatoka damu gotini."

Nikavuta mara ya tatu, na msumari ukatoka mzima, umenyooka, unang'aa kama siku niliyoutoa kwenye boksi.

Shada likawa kahawia. Sikuliona likibadilika. Lilikuwa la njano, kisha lilikuwa duara la majani makavu ya mwaka mmoja, halina harufu, halina joto, nusu yake iko juu ya kigae na nusu yake iko hewani. Nyuma ya kilele kukawa kimya. Upepo ukaanza kutoka mtoni, upepo wa kawaida wa jioni, na majani ya mti wa plamu yakatikisika kama yanavyopaswa.

Niliinua mkono nilisukume ndani kidogo. Kidole kimoja tu kingetosha.

Nikaurudisha mkono. Nikautia msumari kwenye mfuko wa aproni, nikaliacha shada pale lilipokuwa, nikaanza kushuka, kipago kimoja kimoja, bila kuinua macho.

"Mletee viatu," nilimwambia Saveta. "Usiku huu huu tunakwenda mjini kwa daktari."